Maswali yanayoulizwa kila mara: kuitikia wito wa Mungu ukiwa sokoni, nyumbani na kazini

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nauza maharage na mahindi hapa Busia upande wa Uganda, na kwenye jumuiya yetu mimi ndo katibu, miaka mingi sasa. Kazi ya katibu ni kuandika nani ameleta sukari na rozari ya wiki ijayo iko kwa nani, lakini watu wamezoea kunivuta pembeni baada ya sala waniulize mambo ya wito, wengine wananitumia sauti za wasapu za dakika 6. Maswali ni yale yale. Basi nimeyaandika, na pale jambo lilipokuwa zito nilimuuliza paroko kwanza. Kama jibu lako liko kwenye swali lingine nitakutuma huko, sirudii.

## Mambo ya kwanza kwanza

Wito ni nini? Si ni ile ya kuwa padre ama sista?

Hapo ndo karibu wote tunapotelea. Padre akisema tuombee miito sisi tunaona kanzu na vitambaa vya masista kichwani, tunapiga magoti tunawaombea watoto wa majirani. Lakini wito wa kwanza ulikuja siku ya ubatizo wako. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliandika wazi kwenye hati yake kuhusu Kanisa, Novemba 1964, kwamba wakristo wote wa kila hali wameitwa kuwa watakatifu. Wote, hata wewe unayesoma hii ukingoja gari.

Baada ya huo ndo zinakuja njia: ndoa, upadre, utawa, ama kukaa bila ndoa kwa ajili ya Mungu. Na ndani ya njia yako kuna Jumatatu asubuhi, na hapo ndo shida yote iko, mtu anajua njia yake vizuri kabisa lakini Jumatatu hajui afanye nini.

Mimi ni mtu wa kawaida, sijasoma, kweli Mungu ana kazi na mimi?

Hebu hesabu mashahidi wetu wa Uganda, wale waliouawa kwa ajili ya imani. Wakatoliki 22 waliouawa kati ya 1885 na 1887 wakati wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, tafuta padre ndani yao. Hakuna. Bruda hakuna. Wote walei, na wengi wao walikuwa na kazi zao. Karoli Lwanga alisimamia vijana waliotumikia ikulu. Andrea Kaggwa alikuwa mkubwa wa wapiga ngoma wa Kabaka. Matia Mulumba Kalemba alikuwa msaidizi wa chifu kule Ssingo, anasikiliza kesi za watu, na ana familia. Nowa Mawaggali alikuwa mfinyanzi wa vyungu, yaani mtu wa udongo kwenye kucha. Tukienda kuhiji Namugongo, pale wengi wao walipouawa, tunawaimbia kama malaika waliotoka mbinguni na kalenda, tunasahau walikuwa wanaamka asubuhi wanaenda kazini.

Na kuna jambo lingine wengi hawalijui. Padre Lourdel, tunayemwita Mapeera, na Bruda Amans, wamisionari wa kwanza wa kikatoliki, walifika Kigungu, Entebbe, Februari 1879, lakini mwaka 1882 mapadre waliondoka Buganda wakavuka ziwa kwenda kusini, wakarudi 1885. Karibu miaka 3 hakuna padre, hakuna misa. Nani alifundisha katekisimu? Hao hao watumishi na wapiga ngoma. Mapadre waliporudi walikuta watu wa kusali wameongezeka. Kwa hiyo mtu akiniambia mlei hana kazi kwenye Kanisa la Uganda namwambia rafiki yangu, Kanisa la Uganda lililelewa na walei likiwa bado halijaota meno.

Nitajuaje kwamba ni Mungu ananiita na si mawazo yangu tu?

Usingoje sauti. Hata Samweli aliyesikia sauti kabisa alikosea, alimkimbilia mzee Eli mara 3 akifikiri ni yeye, na Eli ndiye akamfafanulia. Hapo kuna somo: kuna mtu mzima wa imani anahitajika, mwenye kukujua, mwenye kukuambia ukweli. Inaweza kuwa padre, sista, katekista, hata shangazi.

Mambo mengine ya kuangalia: wazo linadumu? Likikaa miezi, ukilisahau linarudi, ukiwa na furaha liko na ukiwa na shida liko, lisikilize. Kama linakuja tu ukigombana na mumeo ama biashara ikianguka, hiyo ni kukimbia. Alikuja kijana mmoja kwangu akisema Mungu anamwita akawe mmonaki, nikamuuliza kuanzia lini, akasema tangu Jumanne. Jumatatu msichana wake alikuwa amemuacha. Na je watu wengine wanaliona? Ukisema unaitwa kufundisha watoto na watoto wote wanakukimbia, ongea tena na Mungu.

Wito na kipaji ni kitu kimoja?

Hapana, ila vinatembea pamoja. Kuimba vizuri ni kipaji, kuja mazoezi ya kwaya Jumamosi mvua ikinyesha hapo ndo wito unaonekana.

## Kazini na sokoni

Nauza vitu sokoni. Namtumikiaje Mungu hapo, niweke picha ya Bikira Maria kwenye meza?

Weka, ni vizuri, mimi ninayo. Lakini nitakuambia habari ya mkebe wangu.

Nilipoanza hii biashara nilinunua mkebe wa kupimia kwa mama mmoja aliyekuwa anaacha soko. Kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani, ukiangalia kwa juu maharage yamejaa mpaka yanamwagika lakini chini kuna kilima. Nilijua siku ya kwanza, maana niliujaza maji, nikayamwaga kwenye mkebe mzuri wa jirani, ule wa jirani ukabaki na nafasi ya kikombe kizima cha chai. Nikautumia tu. Miezi 8 hivi, na Jumapili napanda mbele kusoma somo la kwanza na kitenge changu kimepigwa pasi. Nilijiambia wote wanafanya hivyo, nilijiambia bei yangu iko chini kidogo kwa hiyo inalingana, nilikuwa na majibu mengi sana.

Siku moja kwenye Kwaresima alikuja mtoto wa P3, darasa la tatu, ametumwa na mama yake, akaingiza mkono kwenye mkebe kucheza, watoto wanapenda kushika maharage, akauliza kwa sauti, "Mama, mbona ndani kuna mlima?" Watu wakacheka. Mimi nikatafuta pa kuangalia. Jioni nikaupeleka kwa fundi wa mabati akaugonga ukanyooka, shilingi 1,000 tu, akaniuliza kama niliuangusha nikasema ndiyo, uongo mwingine huo.

Nikaenda kitubio. Padre hakushtuka, aliniuliza tu, sasa wale watu utawarudishiaje? Sikuwa nimefikiria hiyo. Nikasema siwajui wote. Akasema unaowajua waongezee mpaka deni liishe, usiowajua wape maskini kwa niaba yao. Mpaka leo naongeza konzi moja juu ya mkebe na wateja wanafikiri ni ukarimu. Faida ilishuka, sitakudanganya, mwezi wa kwanza niliusikia, na wateja hawakuongezeka kimuujiza kama kwenye shuhuda. Methali zinasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, haziahidi kwamba mizani mizuri italipa karo.

Na sisi wa boda?

Ni kitu kile kile, mkebe wako ni bei. Boda wa hapa mpakani anamwona mgeni ameshuka usiku na begi, hajui umbali, hajui shilingi ya Uganda na ya Kenya zinabadilishwaje. Hapo ndo altare yako. Pia helmeti ya abiria, breki, na usiku msichana akiwa peke yake umfikishe mlangoni usimwache gizani kwa sababu barabara ina matope.

Bosi wangu ananiambia niandike risiti ya uongo. Nikikataa nafukuzwa, na nina watoto.

Hili nililipeleka kwa paroko maana sikutaka kujibu kirahisi, mimi sina bosi. Alisema hivi: kuandika uongo wa kumwibia mtu huwezi, hata kama ni kazi. Lakini hakuna aliyesema uandike barua ya kuacha kazi leo jioni. Anza kwa kumwomba bosi akupe maagizo kwa maandishi, wengi hapo hapo wanarudi nyuma. Andika unachokiona kilivyo. Tafuta kazi nyingine kimya kimya huku unakula mshahara. Na usibebe hili peke yako, kwenye parokia kuna wahasibu na wanasheria, waulize.

Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mtumishi wa karibu wa Kabaka, alimwambia bosi wake kwamba kumuua Askofu Hannington wa Anglikana lilikuwa kosa, na Novemba 1885 akauawa, wa kwanza kati ya wale 22. Simtaji ili kukutisha. Namtaja kwa sababu watu wanafikiri aliuawa akiwa amepiga magoti anasali, kumbe ilianza na neno moja la ukweli kazini.

Nafanya kazi Jumapili (nesi, mlinzi, hoteli, boda). Nina dhambi?

Kanisa linataka Jumapili uwe kwenye misa na uache kazi zinazokuzuia kusali na kupumzika. Lakini wagonjwa hawaponi Jumapili, mtu lazima awe wodini, na hiyo Kanisa linaijua. Misa ya Jumamosi jioni inahesabika kama ya Jumapili. Ukikosa zote kwa sababu ya zamu ambayo huwezi kuibadilisha huna dhambi, tafuta misa siku ya kazi ukiweza, soma masomo ya siku kwenye simu. Mlinzi ambaye geti ndo riziki yake hatendi dhambi. Mimi ninayefungua duka Jumapili saa 3 asubuhi kwa sababu jirani amefungua, hiyo tuongee.

Nina baa. Naweza kumtumikia Mungu nikiuza pombe?

Pombe yenyewe si dhambi, Yesu alikuwa Kana. Swali ni unamuuzia nani na mpaka saa ngapi. Mtoto wa miaka chini ya 18 hapana, sheria ya nchi pia inasema. Baba ambaye unajua amebeba pesa ya karo hapana, na wewe unamjua, hii Busia ni ndogo.

## Nyumbani

Nina watoto 4 wadogo, nikifungua Biblia nasinzia. Nasali saa ngapi?

Mama, kusinzia na Biblia kifuani Mungu ameshaona, usijipige. Watu wanawapa akina mama ratiba za watawa, masifu ya asubuhi, nusu saa ya kimya, wapi, kimya kinatoka wapi kwenye nyumba ya watoto 4? Sali fupi na mara nyingi. Ishara ya msalaba ukiwasha jiko. Baba Yetu moja ukingoja maji yajae jerikeni. Sala ya Malaika wa Bwana saa 6 mchana kengele ikilia kama uko karibu na kanisa. Fumbo moja la rozari usiku na watoto, moja tu, hata kama mdogo analala kwenye Salamu Maria ya tatu.

Na mume asaidie. Nasema hili kwa wanaume wanaosoma: ukitaka mkeo asali, beba mtoto.

Mume wangu ni Mwislamu (ama mke wangu ni mlokole). Nitatumikaje hali nyumbani tumegawanyika?

Hapa mpakani hii ni kawaida kabisa. Kama ndoa yenu ilipata ruhusa ya Kanisa, uko sawa, unapokea sakramenti kama mtu mwingine. Kwa aliyebatizwa kwenye dhehebu lingine inaitwa ruhusa, kwa asiyebatizwa kama Mwislamu inaitwa dispensasio, paroko anaiomba kwa askofu. Mkatoliki anaahidi kufanya anachoweza watoto wabatizwe na walelewe katoliki, mwenzake anajulishwa hiyo ahadi, halazimishwi kuahidi yeye. Kama ruhusa haikuombwa soma swali linalofuata.

Kuhusu kutumika: usigeuze nyumba kuwa mkutano wa injili. Mama mmoja wa jumuiya yetu kila Ramadhani anaamka saa 10 usiku kumpikia mumewe daku, na mwanaume huyo ndiye anayemkumbusha Jumapili asichelewe misa.

Tumeishi pamoja miaka 10, mahari ililipwa, lakini hatujafunga ndoa kanisani. Tunaruhusiwa kutumika?

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote, na kwa sauti ya chini kuliko yote.

Jibu: komunyo hapana mpaka mfunge ndoa, hiyo sitaizungusha. Lakini misa ni yenu, jumuiya ni yenu, kusali, kutembelea wagonjwa, kuchimba msingi wa kigango, kuleta watoto wabatizwe, yote milango iko wazi. Uongozi na usomaji inategemea utaratibu wa parokia, ulizeni.

Sasa kwa nini hamfungi? Watu 9 kati ya 10 ninaowauliza wananiambia pesa (nimehesabu kwa vidole vyangu, si utafiti). Gauni, tenti, keki ya ngazi, mikutano ya kuchangisha. Hakuna hata moja ya hizo iko kwenye sakramenti. Kinachohitajika: nyinyi wawili mko huru, mnakubali kwa hiari, padre ama shemasi, mashahidi 2. Mafundisho kidogo na matangazo Jumapili kadhaa. Kwenye parokia nyingi kuna siku wanafungisha wanandoa wengi kwa pamoja, mnakuja na nguo zenu za Jumapili, mkitoka mnakunywa chai na mandazi mnaenda nyumbani mmeoana. Niliona mzee na bibi wake hivyo, wajukuu ndo walishika maua, na yule bibi alitembea kwenda komunyo akiwa amekunja mikono kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Kama mmoja wenu alishafunga ndoa kanisani na mtu mwingine aliye hai, hiyo ni ya mahakama ya Kanisa ya jimbo, wanachunguza kama ile ya kwanza ilikuwa ndoa kweli. Inachukua muda. Anza kwa paroko, usianze kwa mimi.

## Parokiani

Nataka kuwa katekista. Inahitaji nini?

Uwe umebatizwa na kupata kipaimara, uishi vizuri na watu, kama umeoa iwe ndoa ya Kanisa, na ukubali kufundishwa kabla ya kufundisha. Paroko ndiye anakutuma. Mshahara usitegemee, mara nyingi ni posho ndogo na kuku wa Krismasi.

Lakini usiione ndogo. Daudi Okelo na Jildo Irwa walikuwa vijana wadogo kabisa, wakatekista, walienda kufundisha Paimol kule Acholi na wakauawa kwa mikuki Oktoba 1918. Papa Yohane Paulo II aliwatangaza wenye heri mwaka 2002. Kwenye vigango ambako padre anafika mara moja kwa mwezi, Jumapili zingine zote anayesimama mbele ni katekista.

Nijiunge na chama gani? Viko vingi.

Kimoja. Ukiwa kwenye 4 utakuwa mtu wa mikutano na sare. Kama unapenda kutembelea watu nyumba kwa nyumba, Lejio ya Maria, iliyoanzishwa Dublin 1921 na mlei, mfanyakazi wa serikali. Aliyeitembeza Afrika Mashariki kuanzia 1936 ni Edel Quinn, mlei pia, mwanamke mgonjwa wa kifua aliyezunguka na gari bovu mpaka akafia Nairobi 1944. (Usichanganye na Legio Maria ya kule Kenya yenye kanzu za rangi rangi, hilo ni kanisa lingine lililojitenga, kila mwaka kuna mtu ananiuliza.) Kama unaumizwa na njaa ya watu, chama cha Vinsenti wa Paulo. Kama una sauti, kwaya. Kama una maneno mengi kama mimi, jumuiya.

Mimi najua Kiswahili tu, parokia inasali Kiganda na Kisamia. Nafasi yangu iko wapi?

Watu wengi wa Kiswahili hapa Uganda ni wa barabara: familia za kambi za jeshi, madereva wa malori, wakimbizi wa Kongo kule Nakivale na Kyangwali, sisi wa mpakani. Mkijikuta hata 10 mwambieni paroko, ombeni jumuiya ya Kiswahili kwanza kabla ya misa. Jumuiya yetu ilianza na watu 5 kwenye veranda ya fundi cherehani. Mkimbizi akiniambia hana cha kutoa kwa sababu hana hata kadi, namkumbusha mkutano mzima wa rozari unaweza kuendeshwa na mtu ambaye hana kitu chochote mkononi ila rozari.

Sina pesa ya mavuno, naona aibu kwenda.

Nenda. Kanisa linaomba kila mtu asaidie kadiri anavyoweza, neno ni anavyoweza. Nimeona ndizi 3 zikipelekwa altareni. Kama hata ndizi hakuna, njoo Jumamosi ufagie.

## Upadre na utawa

Mtoto wangu anataka kuwa padre, ama mimi mwenyewe nataka utawa. Tunaanzia wapi?

Kwa paroko, halafu mkurugenzi wa miito wa jimbo ama wa shirika. Njia ya padre: wengi wanapita seminari ndogo ya sekondari, halafu seminari kuu, falsafa kwa kawaida miaka 3, teolojia miaka 4, na mwaka wa kukaa parokiani katikati. Katigondo ile ya Masaka, Ggaba ya Kampala, Alokolum ya Gulu, hayo ndo majina utasikia. Upadre haupewi kabla ya miaka 25.

Kwa utawa, unovisi, yaani kipindi cha kujaribiwa, hauanzi kabla ya miaka 17 kutimia na unachukua angalau miezi 12, halafu nadhiri za muda, kwa kawaida miaka 3 mpaka 6, ndo zinakuja za daima. Yaani kuna muda mrefu wa kufikiria, hakuna anayefungiwa ndani. Tembelea kwanza. Masista wa Bannabikira wako Bwanda, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko walioanzishwa na Mama Kevin wako Nkokonjeru, na wavulana wasiotaka upadre waangalie Bannakaroli, mabruda. Bruda si padre aliyefeli, tafadhali.

Nina mtoto. Naweza kuwa sista?

Sheria ya Kanisa zima inamzuia mtu aliye kwenye ndoa inayoendelea. Mtoto hajatajwa hapo, lakini kila shirika lina katiba yake na mengi hayampokei mama ambaye mtoto bado anamtegemea, na mimi naona wana haki, maana huyo mtoto ndiye wito wako ulioshika sketi yako sasa hivi. Mjane mwenye watoto wakubwa anaweza kuuliza, wengine wamepokelewa.

Wazazi wanakataa, mimi ni mtoto wa pekee wanataka wajukuu.

Usiwatukane na usitoroke usiku. Wapeleke wakaone, mama akila chakula cha masista na kuona wanacheka moyo unalainika. Ukiwa mtu mzima uamuzi ni wako, ila kama wazazi ni wagonjwa na hawana mwingine wa kuwatunza, kuwatunza kunakuja kwanza, mashirika yenyewe yatakuambia hivyo.

Nilitoka seminari. Kijiji kinaniona nimeanguka.

Seminari ni mahali pa kupima, na kipimo kina majibu 2. Ulipata jibu. Tafuta kazi, oa kama unataka, na hiyo teolojia usiifungie kwenye sanduku, watoto wa kipaimara wanakosa walimu kila mwaka.

## Yale magumu

Nimefanya mambo mabaya sana. Mungu hawezi kuniita.

Kitubio, halafu soma tena habari ya mkebe wangu. Kama mtu uliyemuumiza yuko hai na inawezekana, rudisha, omba msamaha. Kama ni jambo la polisi, kitubio hakifuti kesi. Zaidi ya hapo sina la kuongeza, watu wanapenda kukaa kwenye hili swali miaka mingi kwa sababu ukikaa hapo hutakiwi kufanya kitu.

Nabii aliniambia nina wito mkubwa lakini nitoe mbegu ya 500,000 ufunguke.

Usitoe. Wito haufunguliwi na mobile mani.

Kiongozi wa kanisa alinivunja moyo, tangu hapo sitaki kutumika.

Pole sana, na sisemi pole ya mdomo, mimi pia kuna mwaka nilikaa benchi la nyuma kwa sababu ya maneno niliyoambiwa mbele ya watu. Kama kilichotokea ni ukali ama dharau, tafuta mtu mzima wa kuwakutanisha, na kama haiwezekani, parokia ya pili ina mlango pia. Kama ni jambo la mwili, la kuguswa, la mtoto kuumizwa, hapo usiende kupatanishwa. Nenda polisi na umjulishe askofu, na usikubali mtu akuambie unaliaibisha Kanisa.

Kutembea kwa miguu mpaka Namugongo ni lazima ili Mungu anisikie?

Si lazima. Kutoka hapa ni karibu kilomita 200, nimetembea mara 1, na kitu ninachokumbuka zaidi ni malengelenge na mama wa Iganga ambaye simjui aliyetoa beseni la maji ya moto na chumvi akaniosha miguu kwenye ngazi ya duka lake, hakuwa hata mkatoliki. Ukiweza nenda, ni vizuri kuliko ninavyoweza kueleza. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, tarehe 3 Juni kaa naye muwashe redio.

Nimesali miezi, sisikii kitu.

Wengi tuko hapo. Endelea na kilicho mbele yako: mtoto, mteja, mgonjwa wa jirani. Kama bado kimya, rudi kwenye lile swali la Samweli, tafuta Eli wako.

Swali langu haliko hapa.

Katekista wa kigango chako kwanza, halafu ofisi ya paroko siku za kazi. Mimi nipo nyuma ya soko kwenye maharage, ila usije asubuhi wateja wakiwa wengi, njoo saa 9 mchana nikikaa kupeta, na ukikuta meza imefunikwa ujue niko kwa mgonjwa, ningoje kwa jirani.